Hita Tuliyoifunga Magongo

Ndugu yangu Kariuki,

Sina anwani yako, ndiyo maana nakuandikia waziwazi, barua isiyo na bahasha, asomaye na asome. Mie ni mzima. Mke wangu Mwanaidi ni mzima, ila magoti yanamsumbua. Gereji ipo palepale kando ya barabara ya Magongo, mabati yameongeza kutu. Hayo ndiyo ungeniuliza kwanza, basi nimeshakujibu.

Mwezi uliopita alipita hapa yule dereva mrefu wa malori aliyekuwa akituletea springi tuzinyooshe. Akaketi, akanywa chai, akaitazama gereji kama mtu anayetafuta kitu. Kisha akasema, "Mwenzio nilimwona bandarini Kipevu, Ramadhani hii iliyopita. Alikuja kuchukua injini iliyoshuka na meli."

Nikamwambia amemfananisha. Akasema hakukufananisha, mlipeana mikono, na ulimwuliza kama mie bado nipo. Akakujibu kwamba nipo. Ukashika mlango wa lori kwa muda, kisha ukapanda ukaenda zako.

Kutoka Kipevu hadi hapa ni kama mtu kwenda dukani kununua mkate na kurudi. Na ilikuwa Ramadhani. Saa yetu ya futari unaijua, na unajua Mwanaidi hupika mihogo ya nazi na uji wa pilipili manga, na bado kila mwaka hupima chakula kana kwamba wewe na mkeo Nyambura mtakuja. Dereva alipoondoka nilikaa kwenye benchi hadi chai yangu ikapoa. Kazi iliyokuwapo siku ile sikuimaliza, na ya siku iliyofuata pia. Nimekuwa nikikukumbuka tu.

Nakukumbuka ulivyokuja mara ya kwanza, mwanzoni mwa miaka ya themanini, kwenye yadi ya malori hapa Changamwe tulikokuwa vibarua. Ulikuwa umevaa sweta. Mombasa, mchana, sweta. Msimamizi akatutia sote wawili chini ya lori moja, nawe ukaniita, "Wewe, kuja hapa."

"Mtu haitwi 'kuja'," nikakwambia. "Huambiwa 'njoo'."

"Na nikisema 'kuja' hutakuja?"

"Nitakuja, lakini kwa shingo upande."

Ukacheka hadi ukagonga kichwa kwenye bomba la moshi. Tangu siku hiyo ukawa wauliza kila neno. Wazee ukawaamkia shikamoo, ukiitwa ukaitika vizuri, ukajifunza kunywa kahawa chungu bila kukunja uso. Baada ya miaka kadhaa mamake Mwanaidi, ambaye macho yalikuwa yamefifia, alikusikia ukizungumza ukumbini akaniuliza huyu ni wa ukoo gani, mbona hamjui babake. Ulifurahi kwa neno lile kuliko nilivyowahi kukuona ukifurahi. Jumapili ulikwenda kanisani kwako, Ijumaa ulinishikia kazi niende msikitini, na mwezi wa mfungo hukula mbele yangu hata siku moja, ingawa sikukuomba.

Tukaacha ukibarua, tukafungua gereji yetu. Ukamwoa Nyambura, mkapata nyumba Likoni, akazaliwa Wambui. Kila asubuhi ulivuka na feri na kila jioni ulirudi nayo. Ulikuwa ukisema ukistaafu hutakwenda bara, utanunua kiti cha kamba ukae barazani Likoni utazame watu wakipita.

Landrova tulilinunua mnadani likiwa halina mlango, halina kioo, injini yake ya dizeli imejaa maji. Wenye gereji nyingine walitucheka. Tulilijenga pole pole, wateja wakipungua tunalirudia, wakija tunaliacha. Tulisema likipona tutaliuza kwa watu wa mbugani. Lakini lilipopona kila mmoja akawa na sababu yake ya kutoliuza.

Hita nayo ilitoka kwenye lori la Ulaya lililobondeka melini. Tulikuwa tunang'oa vitu vya chumba cha dereva, ukatoa kisanduku cha chuma chenye feni ndogo na mabomba mawili kama pua. Ukakigeuza huku na huku, ukasoma kibandiko chake.

"Hamisi, hiki huchoma dizeli kidogo kidogo na kumpa dereva joto akilala. Injini ikiwa imezimwa."

"Joto?" nikasema. "Watu wanunua joto?"

Tukakiweka rafuni. Ikawa mzaha wetu. Mteja akilalamika jua kali tunamwambia tuna dawa yake, tunamwonyesha ile hita. Miaka ikapita juu yake na vumbi lake.

Kisha ukaja ule mwaka wa moto Likoni, watu wa bara wakafukuzwa. Siwezi kuyaeleza yote, na wewe hutaki niyaeleze. Asubuhi ile nilikuwa nafungua kufuli la gereji, hapa mbele ya nyumba yangu, nikawaona mnakuja kwa miguu, wewe mbele, Nyambura na sufuria moja kichwani, Wambui na mkoba wa shule ingawa shule zilikuwa zimefungwa. Ulisema neno moja tu, "Wamechoma." Mwanaidi akatoka, akamshika Nyambura mkono, akaingia naye ndani. Wambui alikuwa anakohoa ile pumu yake, mabega yanapanda na kushuka, na Mwanaidi akamkalisha karibu na dirisha akawa anampepea.

Mchana ulinieleza kidogo. Kwamba vijana walikuja mlangoni, mmoja wao ukimjua tangu akiwa mtoto, ulimtengenezea baiskeli. Ulizungumza nao kwa upole, kwa Kiswahili cha kuwashinda wao.

"Hawakujali nasema vipi," ukaniambia. "Waliniuliza jina tu."

Mlikaa kwetu. Watoto wa jirani walicheza na Wambui, na kwa siku chache nilidhani dunia itatulia, utarudi kujenga. Kisha akaja yule mteja wetu wa zamani, mzee mwenye pikapu ya samawati, ambaye sitamtaja kwa sababu ameshatangulia mbele ya haki. Hakuleta gari. Alikaa, akaagiza kahawa, akaniuliza habari za nyumbani. Nawe ulikuwa chini ya gari, miguu yako yaonekana.

"Bwana Hamisi," akasema, "mgeni wako anaondoka lini?"

"Sina mgeni. Huyu ni fundi mwenzangu."

"Nauliza tu kwa nia njema. Wapo wengine watakaouliza, na hao hawatakunywa kahawa."

Nilimjibu nyumba ni yangu na aliyemo ndani yake ni wangu. Akasema, "Haya, nimekufikishia," akainuka. Miguu yako haikutikisika muda wote ule. Ulipotoka chini ya gari ulikuwa umeshaamua, nilikuona usoni.

"Tutakwenda bara, Kinangop," ukasema. "Shamba la babu lipo. Nyumba haipo. Tutachukua Landrova tulale humo mpaka nijenge."

Nikakuuliza, "Na kifua cha mtoto?" Kwa sababu wewe mwenyewe ulikuwa umenisimulia kwamba huko asubuhi majani huwa meupe kwa barafu, na Wambui alikuwa hajapata kuvaa hata sweta.

Ulikuwa unatazama rafuni.

Wallahi, Kariuki, nimefunga vitu vingi katika magari ya watu lakini sijafanya kazi iliyonishika roho kama ile. Wewe ulitaka tuiweke hita chini ya kiti cha mbele, karibu na betri, waya ziwe fupi. Mie nikakataa, nikasema mtoto atalala nyuma, joto lianzie nyuma. Tukabishana hadi Nyambura akatoka na unga mikononi, akasema, "Wekeni atakapolala Wambui," akarudi jikoni. Basi ikawekwa nyuma ya kiti cha abiria. Tukatoboa sakafu matundu mawili, moja la kuvuta hewa na moja la kutolea moshi, tukayatenga mbali, bomba la moshi tukalipitisha chini hadi likatokea ubavuni. Ulinikumbusha mara nyingi kwamba moshi ule ukiingia ndani hauna harufu ya kumwamsha aliyelala. Mafuta tukayavuta kutoka tangi la gari kwa mrija mwembamba, tukafunga ile pampu yake ndogo kwa mpira ili isitetemeshe chuma, tukatia waya na fyuzi, na swichi ukaiweka mahali ambapo Nyambura ataifikia akiwa amelala.

Wake zetu nao hawakukaa bure. Mwanaidi alilichana godoro lake la usumba wa makumbi ya nazi, lile alilokuja nalo siku ya harusi. Nikamwambia, "Mwanaidi, hilo godoro la mamako." Akasema, "Mamangu hakunipa hili nizikwe nalo," akaendelea kulichana. Usumba wakaushindilia kwenye kuta za gari na kuupigilia mbao nyembamba juu yake, isipokuwa upande wa hita, ambao tuliuacha bati tupu usije ukashika moto.

Watu walipita barabarani wakatazama. Fundi wa redio wa ng'ambo ya pili akaja kuuliza ni nini. Nikamwambia ni hita. Akacheka, akasema, "Mombasa hii?" Kisha akawaona kina Nyambura wanashona blanketi, akaelewa. Alirudi kwake akaleta swichi mpya, akasema ile yetu imechakaa, akaondoka bila kusubiri asante.

Tulipoiwasha mara ya kwanza ilitoa moshi mweupe, ikakohoa, ikazimika. Ukaifungua, ukakuta chumba chake cha moto kimejaa masizi ya miaka. Ukayakwangua kwa waya na msumari, uso wako ukawa mweusi mpaka meno. Mara ya pili plagi ikapata moto, pampu ikaanza kugonga, tik, tik, kisha sauti ikatoka kama upepo unaovuta bombani. Ukaweka mkono kwenye tundu la joto. Ukanitazama. Ndiyo mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya Likoni nilipoona unatabasamu.

"Sasa tukae ndani," ukasema.

"Tukae ndani kufanya nini?"

"Tufunge madirisha tukae. Kama kuna moshi unaovuja, na utupate sisi kwanza, si wao."

Ukamwambia Mwanaidi asimame nje, atugongee kioo kila mara, na tusipojibu avunje. Tukaingia. Jua limesimama kichwani, bati la Landrova lachoma, na sisi wawili tumejifungia na moto. Sijapata kutoka jasho vile. Lilidondoka puani, likaingia machoni, shati likagandama mwilini. Mwanaidi akigonga tunainua mkono. Tulianza kwa kucheka. Nikakwambia wakituona hivi watasema watu wa Magongo wamerukwa na akili. Kisha kicheko kikaisha na hatukuwa na la kufanya isipokuwa kukaa.

Ukasema, bila kunitazama, "Hamisi, huko ninakokwenda simjui mtu. Nina kaburi la mama, basi. Wenzangu niliosoma nao wamenisahau. Nikifungua mdomo watasema huyu ni mtu wa pwani."

"Basi kaa," nikasema. "Kaa hapa. Chumba kipo."

"Nikikaa, na wakija, utafanyaje?"

"Nitasimama mlangoni."

"Najua," ukasema. "Ndiyo sababu naondoka."

Nilitaka kukujibu. Nilitafuta neno, na mie ndiye niliyekuwa nikikufundisha maneno, sikulipata. Mwanaidi akagonga kioo, na kwa kuwa hakuna aliyeinua mkono akagonga tena kwa nguvu, karibu akivunje. Tukafungua mlango. Hewa ya nje, Kariuki, hewa ile ya moto ya Changamwe, ilikuwa baridi kama maji ya mtungi.

Moshi haukuvuja. Palikuwa na harufu kidogo kwenye kiungo kimoja, ukakirudia, ukaongeza klipu, tukakaa tena. Salama.

Siku ya kuondoka nilipanda nanyi hadi Mariakani, kwa sababu niliogopa vizuizi vya njiani na nilitaka nionekane nimekaa mbele, mtu wa pwani. Wambui alilala njia nzima juu ya yale mablanketi. Pale Mariakani uliegesha kando. Nyambura akanishukuru kwa heshima sana, kama mtu anayemshukuru mgeni, na hapo ndipo nilipofahamu kwamba mambo yamekwisha. Wewe ulishuka, ukazunguka gari, ukapiga teke tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Nusu ya gari hili ni yako," ukasema.

"Nenda bwana," nikakwambia. "Mtoto ataunguzwa na jua."

Hatukukumbatiana. Sijui kwa nini. Tulishikana mikono yenye grisi kama tulivyofanya kila jioni, kana kwamba kesho feri italeta watu na wewe ukiwa mmoja wao. Nikapata lori la kurudi. Kwenye gereji nilikuta kikombe chako cha chai kimejaa sisimizi, nikakiosha.

Habari zenu zilinifikia mara moja tu, kupitia kwa dereva wa viazi. Alisema mmefika, na kwamba hita inafanya kazi, na kwamba kuna familia nyingine zilizokimbia kama nyinyi, na usiku watoto wao hulazwa humo pamoja na Wambui, wamepangwa kama samaki, na wakubwa hukaa nje wamejifunika. Alisema kifua cha Wambui kimestahimili. Mwanaidi alilia aliposikia, nikamwambia ni habari njema, akasema anajua. Baada ya hapo, kimya. Nilituma salamu kwa kila aliyepanda huko. Sijui kama zilifika.

Nataka ujue jinsi ninavyoishi. Kazi ipo. Nimeajiri vijana, hukaa kidogo, wakishajua kufunga breki huenda kujitegemea, nami huwaombea heri. Lakini kuna kazi za watu wawili wanaojuana. Nikiwa chini ya gari hunyoosha mkono na kusema, "Nipe kumi na tatu," na mkono wangu hubaki wazi, kwa sababu kijana hajui ni spana gani ninayoitaka, na wewe ulikuwa ukiniwekea mkononi kabla sijasema. Saa ya chai hainogi. Mwanaidi hunipikia, hunisemesha, ni mke mwema, lakini kuna upweke ambao mke hauondoi, na nadhani wake wanao wao pia. Yeye husema tangu Nyambura aondoke hajapata mtu wa kumcheka mumewe naye.

Basi dereva yule aliponiambia ulikuwa Kipevu, nilikasirika. Nikwambie ukweli, nilikasirika kwa siku nyingi. Nilisema moyoni, huyu mtu nimekaa naye ndani ya chuma cha moto, amenipita kama kituo cha mafuta. Nilimwambia Mwanaidi asitaje jina lako. Hakulitaja.

Lakini usiponilaumu nitakwambia jambo ambalo sijamwambia hata yeye. Mwaka mmoja baada ya nyinyi kuondoka nilivuka Likoni. Nilikuwa sina shughuli huko. Nilishuka kwenye feri, nikafuata ile njia hadi palipokuwa na nyumba yenu. Pana nyumba nyingine, ya matofali, imepakwa chokaa. Mwanamke alikuwa uani anaanua nguo. Akaniamkia vizuri, akaniuliza, "Watafuta nani, baba?"

Nikasema nimepotea njia.

Mie, niliyezaliwa pwani hii, nimepotea njia Likoni. Akanielekeza ya kurudi kwenye feri, nikamshukuru, nikaifuata kama mgeni. Sijavuka tena tangu siku hiyo. Jamaa zangu wakifanya harusi huko, mie hutuma udhuru.

Nimelifikiria hilo sana wiki hii, na hasira imenitoka. Kama mie, ambaye hakuna aliyenichomea kitu, sikuweza kusimama pale hata kumwambia yule mama nilichokuja kutafuta, wewe ungewezaje kupanda hadi Magongo, ukaketi kwenye benchi letu na kuniuliza habari za asubuhi? Uliuliza kama nipo. Uliambiwa nipo. Labda ndilo ulilolitaka, na labda ndilo ulilolimudu.

Basi usije, Kariuki. Sitakungoja Ramadhani ijayo, wala sitatazama kila lori linaloegesha. Nitakuja mie. Jana nilimwambia Mwanaidi, tukiwa tumekaa uani. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Nilidhani hutasema," akajibu. Kisha akaniambia nimlipie na yeye nauli.

Tutapanda basi inshallah mvua zikipungua, tushuke sokoni Kinangop tuulize. Huko simjui mtu, wala lugha ya huko siijui. Tutakapofika mlangoni kwako, kama moyo wako hautaki kutuona, hatutakaa. Tutawasalimu Nyambura na Wambui na kugeuza. Lakini toka nje uniambie wewe mwenyewe.

Ni mie, ndugu yako na fundi mwenzio,

Hamisi
Magongo